Kinyago Kisicho na Macho

Jumatano, 15 Aprili

Karatasi ya tatu imetoka. Kopi arobaini. Binti yangu Debora amezipitia steshenari akitoka sokoni. Mbili zimelowa mafuta ya samaki. Nimezitundika kwenye msumari wa mlango wa klabu ya vijana, pale kanisani, kama nilivyofanya wiki mbili zilizopita. Kufuli lipo, tangazo la Padri lipo: hakuna mkusanyiko wa vijana, kwa ajili ya ugonjwa huu, mpaka itakapotangazwa. Hakuna mpira wa meza, hakuna mazoezi ya kwaya, hakuna kabati langu la vitabu. Kwa hiyo karatasi. "Kazi za kufanya nyumbani." Vitendawili kumi. Ramani ya nyumba yako, iliyopimwa kwa hatua. Orodha ya ndege wanaotua uani kabla ya saa mbili asubuhi.

Karatasi ya kwanza ilikuwa kosa. Niliwaelekeza watengeneze kibuyu chirizi, lile dumu la kunawia linaloinamishwa kwa kamba na mguu. Walitengeneza vizuri sana. Nilisahau kwamba mimi naishi kwa binti yangu, kwenye nyumba yenye tangi la mvua, na majirani wananunua maji dumu kwa dumu. Watoto walinawa kutwa nzima, kwa furaha. Mama mmoja alinisimamisha njiani: "Babu Yona, mwanangu kanawa maji ya ugali." Nilicheka. Nilipofika nyumbani nikaona aibu. Miaka sita Newala, na bado sijui jirani anaishije.

Ijumaa, 17 Aprili

Staza amekuja na karatasi yake. Amesimama mbali, karibu na tangi, kama redio inavyoagiza. Anastazia ndilo jina kamili. Mtoto wa nyumba ya pili, darasa la saba, mtihani ni mwaka huu. Amemaliza yote. Ndege kumi na wanne, na mmoja kamchora kwa sababu hamjui jina. Hata mimi simjui.

"Shikamoo Babu. Karatasi yako imekwisha jana asubuhi."

"Marahaba. Ilikuwa ya wiki nzima."

"Basi wiki yako fupi. Tupe ngumu, Babu. Hii hata mbuzi wa mama angeifanya."

Amesoma kabati lote la klabu, pamoja na kile kitabu cha ufugaji wa nyuki ambacho hakuna aliyewahi kukifungua. Miaka thelathini na minne nilitunza maktaba ya misheni kule Lulindi. Wasomaji wa aina hii nilipata wawili, watatu. Lakini wale walikuwa wananiogopa. Huyu haniogopi.

Jumatatu, 20 Aprili

Nimetembea hadi ukingoni. Ukungu umejaa bondeni, Ruvuma haikuonekana. Ng'ambo, juu ya ukungu, uwanda wa kwetu: mstari wa buluu, basi. Nilivuka mto ule nikiwa na miaka kumi, usiku wa tatu wa kutembea, nimeshika pindo la nguo ya mama. Sijarudi. Watu huniuliza kwa nini sikurudi vita vilipokwisha. Nina majibu matatu. Hakuna la kweli.

Nimerudi nyumbani na wazo. Karatasi ya nne iwe kinyago cha boksi. Maboksi yapo kila duka. Watoto wa hapa wanaiona midimu, ngoma ya vinyago, kila mwaka jando likitoka. Wanaikimbia, wanacheka, wanairudia. Sisi wa ng'ambo tunaita mapiko, na kinyago chetu hakifuniki uso tu, kinavaliwa kichwa kizima kama chungu. Nitaandika mistari michache juu ya hilo. Nani mwingine mjini hapa angeweza kuiandika?

Nimejisikia mtu mwenye kitu. Ni muda mrefu.

Jumatano, 22 Aprili

Karatasi ya nne ipo msumarini. Debora aliisoma amesimama, mfuko wa unga mkononi. "Baba, haya si mambo ya wanaume?" Nikamwambia ni boksi na gundi ya unga. Kweli sikuandika siri yoyote. Nimeandika: tengeneza sura ya ngoma, muulize babu au mjomba inaitwaje, usishike kisu bila mtu mzima.

Alhamisi, 23 Aprili

Staza amekuja na boksi la sabuni kichwani, limemfunika mpaka mabegani. Ameligonga tangi makusudi ili nitoke.

"Babu, nimekwama. Macho nikiyatoboa hapa, yanakaa kwenye paji langu la uso. Nikiyashusha, sura inakuwa ya chura. Huko kwenu anaonaje?"

Swali zuri mno. Hakuna aliyewahi kuniuliza. Nikamjibu papo hapo: haoni kwa macho. Kinyago kinakaa kimeinuka, kinatazama mbinguni. Aliyemo ndani anaonea mdomoni.

Boksi likainama. Kisha: "Kwa hiyo kuna mtu."

"Ulidhani nini?"

"Kila mtu anajua kuna mtu, Babu. Ila hakuna anayesema."

Nikacheka. Sasa naandika na sicheki sana. Wanawake wote wanajua, na hakuna asemaye, na huko kutosema ndiyo desturi yenyewe. Ndiyo heshima yenyewe. Nilijua. Nilisema kwa sababu niliulizwa vizuri.

Jumamosi, 25 Aprili

Mtaa mzima maboksi. Nimehesabu kumi na saba nikiwa nimekaa barazani. Wengine wamepiga ngoma kwa dumu tupu. Hawakukusanyika, nadhani, kila mmoja alicheza mlangoni kwao, na wengine wakitazama kutoka milangoni kwao. Mama mmoja ametoa sufuria akapiga pia. Mwezi mzima sijasikia kicheko cha namna hiyo.

Cha Staza ndicho kinyago. Vingine ni maboksi. Kapaka udongo mwekundu, kachora nembo za uso, zile chale za wazee, kwa mkaa, kila mstari mahali pake. Nywele ni za rasta za mama yake, kazibandika moja moja. Macho hayakutobolewa; kayachora yamefumba. Amekiinua kikatazama juu, akacheza, na hakujikwaa hata mara moja, kwa sababu alikuwa anaona vizuri kabisa, kupitia mdomoni.

Nembo zile ni za uso wa mama yangu. Nilimwelezea Staza siku moja, mwaka jana, klabuni. Alikumbuka. Mimi nimelia barazani, mchana kweupe, mtu mzima.

Jumanne, 28 Aprili

Mjomba wake Staza amekuja kutoka Tandahimba. Mzee Nampota, kaka mkubwa wa Mama Staza. Kwa Wamakonde mjomba ndiye mwenye neno juu ya mtoto wa dada yake, na tangu baba yake Staza afariki neno ni lake tu. Wazazi wa Nampota nao walivuka mto, zamani kuliko sisi. Huko kijijini kwake yeye ndiye mkubwa wa mapiko. Nililijua hilo. Nililijua kabla ya karatasi ya nne.

Alikikuta kinyago kimetundikwa jikoni kwa dada yake. Akaja nacho kwetu ndani ya kiroba. Staza na mama yake nyuma. Debora akamwekea kiti, hakukaa. Akanisalimu vizuri, akauliza hali, akakitoa.

"Baba Debora, wewe ni mtu wa ng'ambo, tazama. Watoto wote wa mtaa huu wametoboa macho. Huyu hakutoboa. Nimekivaa mwenyewe, nimeuona mlango wa dada yangu kupitia mdomoni. Mtoto wa kike huyu. Nani kamwambia?"

Nilisema: "Mimi nilitoa karatasi ya boksi tu, Mzee Nampota. Hii hapa, isome. Hayo mengine sijui kayatoa wapi."

Nayaandika neno kwa neno, nisije nikayalainisha baadaye.

Staza alikuwa pale pale karibu na tangi. Alinitazama. Si kwa hasira. Alinitazama kama anavyotazama hesabu ambayo jibu la nyuma ya kitabu limekosewa. Kisha akasema, "Nimebuni mwenyewe, Mjomba."

"Likizo ya Desemba ulikuwa kwangu. Ulichungulia kichakani kwa wanaume."

"Sikuchungulia."

"Basi nani kakuambia?"

Mama Staza akamsukuma begani. "Sema, mtoto wewe!" Kimya.

Nampota akakirudisha kinyago kwenye kiroba. Akanishika mkono, akasahau mambo ya redio, akasema, "Samahani mzee mwenzangu kwa kukusumbua." Aliniomba samahani. Mimi.

Jumatano, 29 Aprili

Hakuna karatasi leo. Nimemwambia Debora kichwa kinauma. Hakiumi.

Ijumaa, 1 Mei

Nampota ameondoka na Staza. Basi la jana asubuhi. Mama Staza amekuja kuomba chumvi, akabaki amesimama jikoni. Kaka yake amesema mtoto aliyechungulia kichaka cha wanaume hawezi kuachwa azurure mjini na midomo ya watu. Atakaa Tandahimba, alime mikorosho, atulie. Shule? Shule zimefungwa. Zikifunguliwa? Ataangalia.

"Na mtihani wake, Baba Debora? Kaka hasikii la mwanamke. Wewe mzee mwenzake, labda siku moja useme naye."

Nikasema nitasema naye. Nimesema kwa sauti ya mtu mwema. Debora alikuwa anapepeta mchele, akaacha, akanitazama, akaendelea. Anajua. Alimsikia Staza akigonga tangi siku ile. Anajua na hasemi.

Jumapili, 10 Mei

Kanisani tumekaa mmoja mmoja kila ubavu wa benchi. Padri ameuliza karatasi ziko wapi; watoto wanazitafuta, msumari mtupu. Nikasema najipanga. Uongo mwingine, mdogo, umetoka bila kubisha.

Hapa ndipo mahali pa kuandika kwa nini. Hakuna atakayesoma.

Ningekiri kwamba nilimwambia mimi, Nampota angeuliza swali moja tu: wewe uliingia jando gani? Ndilo swali la kwanza. Mwenye haki ya kusema au kunyamaza juu ya kinyago ni aliyeingia, akapigana nacho kwa mikono, akakivua, akaona ni jirani yake. Hapo ndipo mtoto wa kiume anapoacha kuwa msungo, asiyefundwa.

Mimi sikuingia. Tulivuka kabla ya zamu yangu. Baba alibaki vitani, wajomba walitawanyika, hakuna wa kunipeleka. Tulipofika Lulindi, jando la misheni la mwaka ule lilikuwa limekwisha kutoka. Wakanipeleka hospitali kutahiriwa. Kitanda cha tatu kutoka dirishani. Sindano, mkasi, siku nne, uji. Nilikuwa peke yangu na mzee mwenye kikohozi. Mwaka uliofuata hakuna aliyeniita. Watu wa misheni walidhani niliingia ng'ambo. Watu wa ng'ambo walidhani niliingia kwa misheni. Mimi nikanyamaza katikati. Nilikuwa na miaka kumi na moja. Kunyamaza kulikuwa rahisi. Kisha nikawa na ishirini. Kisha nikawa mzee, nikawa naitwa kwenye vikao vya wanaume, nikawa nakaa mbele.

Na lile la kuonea mdomoni? Nimelisoma kitabuni. Kitabu cha mgeni mmoja, rafu ya juu ya maktaba, kina picha na maelezo chini yake. Nilikisoma nikiwa na miaka ishirini na sita, mlango umefungwa, kama mwizi. Sijawahi kukigusa kinyago cha kweli maishani mwangu. Cha kwanza kukigusa ni kile cha boksi, kilichotengenezwa na mtoto wa kike wa darasa la saba kwa maneno yangu.

Mimi ni msungo mwenye mvi. Ndiyo hiyo.

Jumatatu, 25 Mei

Wiki mbili bila kuandika humu. Upepo wa baridi umeanza. Vijana wa kidato cha sita wanarudi shule Jumatatu ijayo, redio imesema, wadogo bado.

Mama Staza amepokea simu. Mtoto mzima. Analima vizuri, kaka anamsifu. Anasema mtoto ameshakuwa mkubwa, atabaki naye hapo hapo, kazi ya kupulizia mikorosho dawa ya salfa inakuja na mikono haitoshi. Mtihani haukutajwa. Mama yake alinisimulia haya akitabasamu, kama mtu anayesubiri ujibu "hapana".

Sikusema hapana. Nilisema, "Mungu ni mwema." Laiti ningekatwa ulimi.

Nimejaribu kumwandikia Nampota barua. Rasimu nne. Zote nzuri. Zote zina neno "pengine".

Alhamisi, 18 Juni

Shule zote kufunguliwa mwisho wa mwezi. Redio imetangaza saa ya chakula cha mchana. Mtaani watoto wamepiga kelele, wengine za furaha.

Nilikuwa na kijiko mkononi. Debora akasema, bila kuniangalia, "Baba, mwalimu wa darasa la Staza ananiuliza kama atarudi. Nimjibu nini?"

Nimemwambia kila kitu. Kitanda cha tatu kutoka dirishani. Kitabu. Debora ana miaka arobaini na mmoja, ni mwalimu, na nimemwambia binti yangu jambo ambalo baba hamwambii binti. Alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, "Basi la Tandahimba linaondoka saa kumi na mbili." Akatoa vyombo.

Jumamosi, 20 Juni

Nimekwenda. Naandika nikiwa nimerudi, miguu ina vumbi bado.

Nampota alikuwa shambani, pampu ya salfa chini, kitambaa usoni, nyusi za njano. Pamoja naye wazee wawili wa kijiji chake, wamekuja kuazima pampu. Nilitaka nimvute pembeni. Kisha nikaona kwamba kumvuta pembeni ni kuendelea kujificha. Nikasema pale pale, mbele yao, nimesimama juani.

Nikasema: mtoto hakuchungulia. Aliniuliza, nikamwambia mimi. Wewe ulipouliza nilikudanganya, na mtoto akanisitiri.

Akavuta kitambaa chini. "Wewe mzee wa wapi, Baba Debora? Mtu aliyeingia anamwambiaje mtoto wa kike?"

"Sikuingia."

Wakadhani hawakunisikia. Nikarudia. Sikuingia, si ng'ambo wala misheni. Nilitahiriwa hospitali, basi. Niliyomwambia mtoto niliyasoma.

Mmoja wa wale wazee akacheka, kicheko kifupi cha mshangao. "Kasoma! Kasoma jando kitabuni!" Mwenzake hakucheka. Akajisogeza kidogo, kama mtu anayempisha mwingine njiani.

Nampota alifuta salfa nyusini. "Mwaka juzi, kikao cha vijana kutoka jandoni, ulikaa kulia kwangu. Uliwausia."

"Ndiyo."

"Uliwaambia nini? Nimesahau."

"Niliwaambia watunze siri."

Hapo hata yule aliyecheka akaacha.

"Na mtoto. Nini kingine umemwambia?"

"Hakuna. Sijui kingine."

Hayo ndiyo yaliyonitoka, na ndiyo kweli yote, na sijawahi kusema neno zito kama hilo. Sijui kingine. Miaka hamsini na zaidi ya uso wa kujua.

Hakunipiga, hakunitukana. Afadhali angenitukana. Aliokota pampu, akaijaribu mpini, akasema, "Kwa hiyo tulikaa na msungo tukamwita mzee." Kisha akaita kwa sauti kuelekea nyumbani, "Anastazia! Njoo uchukue nguo zako, unakwenda kwa mama yako." Akanigeukia. "Mtoto hana kosa. Mwenye kosa ni mtoto mwingine."

Nikamwambia asante.

"Usinishukuru, Yona." Yona. Si Baba Debora. Hakulisema kwa ukali, alilisema kama mtu anavyowaita wadogo.

Staza alitoka ndani na mfuko mmoja. Amekonda, mikono imekuwa ya kazi. Nampota akampa kile kiroba juu ya mfuko. Nilidhani alikichoma. Akamwambia, "Kiozee nyumbani kwa mama yako, usikivae. Kimetengenezwa vizuri mno, siwezi kukichoma." Basi. Akarudi kwenye mikorosho.

Kwenye basi tulikaa viti tofauti. Tuliposhuka Newala akasema, "Kwaheri Babu," akakimbia kwa mama yake. Nilisikia Mama Staza akipiga vigelegele nikiwa bado njiani. Sikupita kwao.

Jumatatu, 29 Juni

Shule zimefunguliwa. Nilikaa barazani tangu saa kumi na mbili, nikijifanya kusoma. Sketi za buluu, mashati meupe, ndoo za kunawia mikononi. Kila mtoto kaambiwa aje na maji yake.

Staza alipita, ameshika ndoo ndogo yenye mfuniko. Akasimama.

"Babu, Mjomba anasema wewe ni msungo."

"Ni kweli."

"Hata mimi sijachezwa unyago bado." Akabadilisha ndoo mkono. "Sasa nani amwamkie nani?"

Alikuwa anatania, nadhani. Robo tatu anatania.

"Ulisema hujui," akasema. "Siku ile, hapa kwenye tangi. Mbele ya mjomba."

"Nilidanganya, na wewe ukanisitiri."

"Si kwa ajili yako. Nilijua nikikutaja, karatasi zitaisha." Kisha, haraka, akitazama ndoo: "Zikaisha hivyo hivyo."

Mimi nilitaka kuomba radhi, nilikuwa nimeiandaa, ilikuwa na sentensi tatu. Nikasema, "Nisamehe, Staza." Moja.

Hakusema amenisamehe. Akasema, "Shikamoo, Babu."

"Marahaba."

Limenitoka kwa shida. Neno nililolijibu maelfu ya mara bila kulifikiria, leo limekuwa kama kitu nilichoazimwa.

Jumatano, 1 Julai

Klabu inafunguliwa Jumamosi. Padri kaniomba karatasi moja ya mwisho, ya wale ambao wazazi bado wana hofu. Nimeandika fupi. Kazi moja: mchore ndege usiyemjua jina, uulize watu watatu, uandike kila jina utakalopewa, hata kama hayafanani. Kopi arobaini. Nimeondoa picha ya ndege niliyoichora kwa mfano, wamchore wenyewe.

Nimelifuta kabati vumbi. Mchwa wamekula mgongo wa kitabu cha nyuki. Nimemwandalia Staza vitabu viwili vya mitihani iliyopita, nikaviweka pembeni kwa jina lake. Hajaja. Mama yake anasema anasoma.

Asubuhi nimejaza kibuyu chirizi cha getini, nusu tu. Tangi limeshuka, mvua mpaka Novemba.

Saa kumi jioni wanaume wa mtaa walipita kwenda kikao cha jando, kuamua kama litakuwepo mwaka huu au lisubiri. Mwaka jana walisimama getini, wakaita, "Baba Debora, twende," na mimi nikachukua fimbo na kofia. Leo nilikuwa barazani, kofia ipo juu ya meza. Niliinuka walipokaribia. Sijui kwa nini niliinuka.

Walinisalimu vizuri, wote, mmoja mmoja. Waliuliza afya yangu na ya Debora. Mmoja alinawa pale getini, akasifu maji kuwa ya baridi. Kisha wakaendelea na safari yao.

Nikakaa.